Mwalimu Aliyekaa Kwenye Keria

Malori yangu yakipita Malaba, watu huniita mzee, hata wale walionitangulia kuzaliwa. Sikusoma. Mafuriko ya Nzoia yaliingia shuleni kwetu, upande wa Rukala, nikiwa darasa la tano. Maji yalibeba madawati, na yaliporudi mtoni mimi sikurudi darasani. Nilicho nacho nimekitafuta kwa miguu yangu, na nikisema miguu usifikiri ni mafumbo, nilianza kwa kukanyaga pedali. Nimelala porini na lori lililovunjika ekseli. Nimeng'olewa jino bila sindano. Nimesimamishwa na askari wa nchi mbili kwa siku moja na nikapita. Katika hayo yote hakuna lililonitia woga kama Kizungu.

Aliyekaa shuleni mpaka mwisho hawezi kunielewa. Mtu akinijia na Kizungu miaka ile, nilikuwa nainama najifanya natengeneza mnyororo wa baiskeli. Nilijua maneno, tena mengi, maana mpakani maneno huokotwa kama kuni. Kuyapanga ndiko kulinishinda. Na nilipoona yamenishinda nilikuwa nayapamba: naongeza s mwisho wa kila jina, nikiona hivyo ndivyo Kizungu kinavyokaa kikiwa kimevaa suti.

Hiyo ilikuwa Busia, miaka ya tisini, wakati boda boda ni baiskeli. Tulisimama langoni tukipiga kelele, "Boda! Boda!" tukibeba watu kutoka mpaka huu hadi ule. Nasema bila aibu, hapakuwa na baiskeli kama yangu. Keria, pale nyuma anapokaa abiria, ilikuwa na sponji nene, sponji ina kitambaa chekundu, kitambaa kina matamvua. Wenzangu walikuwa wanafunga kipande cha gunia halafu wanashangaa kwa nini abiria wananikimbilia mimi.

Tena nilikuwa na heshima ya kazi. Boda boda wa mpakani alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hugeuzi shingo. Abiria ni mama au ni dada ya mtu, wewe macho yako ni ya barabara. La pili, humuulizi abiria anatoka wapi wala kapu lina nini. Pale kila mtu alikuwa amebeba kitu, sukari au mafuta au vitenge, na boda boda mwenye maswali alikuwa anaonekana kama jicho la askari. Wengine waliyalegeza masharti hayo. Mimi niliyashika kama amri za kanisani.

Sasa kulikuwa na msichana aliyekuwa akijifunza kushona katika duka moja nyuma ya soko. Sitasema mengi juu yake, ataona haya. Tulipatana. Lakini siku niliyomwambia nataka kupeleka wazee kwao, Marachi, aliacha kukanyaga cherehani.

"Unamjua baba yangu?" akaniuliza.

"Nasikia alikuwa mwalimu mkuu."

"Alikuwa mwalimu mkuu wa kuogopwa. Hata sasa amestaafu, watu wazima wakimwona njiani wanaficha mikono nyuma. Yeye hataki mshenga aongee peke yake. Anataka kijana asimame, atambulishe watu wake mmoja mmoja kwa Kizungu. Yule aliyekuja kuniposa kwanza alirudishwa soda yake ikiwa bado ina povu."

"Alikosea nini?"

"Alisema, 'This is my uncles.'"

"Kwani alikuja na wangapi?"

"Na mmoja."

Nikacheka, halafu nikaacha, kwa sababu hata mimi ningesema hivyo hivyo.

"Na mama yako?" nikauliza.

"Mama si mtu wa maneno mengi. Wewe ogopa baba."

Hapo nikaacha kuuliza. Kwetu kijana hachunguzi habari za mama mkwe. Huyo ni mtu wa kukaa mbali naye. Humpi mkono wala huli mbele yake, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia majanini, mwingine apite. Ukimgusa ni mwiko, na mwiko huo unaweza kuvunja ndoa kabla haijafungwa. Kwa hiyo sikuuliza sura yake, wala kazi yake, wala anapitia wapi.

"Sasa mimi nitafanya nini?" nikamwambia.

"Soma Kizungu."

"Na nani?"

"Si unasema Busia yote inakujua?" Akarudi kwa cherehani yake.

Nilikuwa na abiria mmoja wa Jumamosi, mama mrefu mwenye mwavuli. Alikuwa anashuka gari steji, ananikuta, anakaa upande kwenye keria yangu, namvusha mpaka soko la upande wa Uganda. Hakuwa na maneno. Jumamosi moja nilimpita boda boda mwenzangu, na kwa kumkoga nikampigia kelele kwa Kizungu kwamba nitaipita kila baiskeli ya hapa. Nilisema, "Every bicycles!"

Nyuma yangu sauti ikasema, "Bicycle."

"Mama?"

"Every bicycle. Tena."

Karibu nigonge mkokoteni wa ndizi. Lile neno "tena" lilinipata mgongoni kama kiboko. Nilijua hapo hapo nimembeba mwalimu.

Nikasema tena. Nikakosea. Akasema, "Tena." Mpaka tunafika sokoni shati lilikuwa limenilowa, na halikuwa jua. Alipokuwa anashuka nikapata ujasiri, nikamwomba, "Mwalimu, nifundishe. Kuna mzee mmoja mahali nataka kusimama mbele yake, na ninaogopa."

Akafikiri kidogo. "Nitakufundisha tukiwa njiani," akasema. "Lakini nauli yako utachukua."

Ndivyo nilivyosoma. Sikuwa na kitabu wala daftari. Vitu vya barabarani ndivyo vilikuwa somo. Ananyoosha mwavuli kando yangu, naona ncha tu, ananiuliza, "Ile ni nini?"

"That is a lorries."

"Malori mangapi?"

"Moja, mwalimu."

"Basi mbona umelizalisha?"

Siku nyingine akaniambia, "Keria yako inabeba wangapi?"

"Mmoja. Wengine hubeba wawili."

"Na hao wengine?"

"Huanguka."

"Sasa sikiliza. Ukisema 'a', ukisema 'each', ukisema 'every', au 'another', au 'this', umeweka keria. Jina linalokuja ni abiria, na abiria ni mmoja. Hata watu wakijaa uwanja mzima, 'every' inawabeba mmoja mmoja. Every man. Each woman. Ukitaka wengi, ita lori: 'these', 'many', 'all'. Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini watu wako wengi, mwalimu, na mimi nasema mmoja. Naona kama nadanganya."

"Kwa Kiswahili unasema kila watu?"

"Hapana. Kila mtu."

"Na hudanganyi. Ulimi wako unajua. Ni woga unakuongezea hiyo s."

Maneno hayo yaliniingia, na mpaka leo nikiwa kwa mkutano wa wenye malori, na vijana wenye vyeti wanaongea "each trucks", huwa nanyamaza nikiwatazama. Naujua woga wao.

Lakini hata kwake nilikuwa naogopa. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa baba yangu alipokuwa hai. Jumamosi ikikaribia nililala vibaya. Kulikuwa na kipande cha barabara kilichojaa mashimo karibu na machinjio, na hapo ndipo alikuwa akishika shati langu kiunoni ili asianguke. Aliposhika nilijua swali gumu linakuja, kwa sababu alikuwa anapenda kuniuliza nikiwa nahangaika na mashimo. Alisema woga ukikukuta na kazi mkononi haupati nafasi ya kukaa.

Msichana sikumwambia kwamba nina mwalimu. Nilitaka aone nimekitoa Kizungu kichwani mwangu mwenyewe.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kwenda Marachi nilikuwa natetemeka mpaka usukani unacheza. Mwalimu akaniambia, "Nifanye mimi ndiye huyo mzee. Tambulisha watu wako."

Nikasema yote. This is my uncle. This is my aunt. Each person here has come in peace. Sikuongeza s hata mahali pamoja.

"Vizuri," akasema. Hakuwahi kusema hivyo. "Sasa mbona bado unatetemeka?"

"Naogopa nikifika nitasahau."

"Ichore hiyo boma kichwani, uizoee. Ukifika haitakuwa ngeni. Ikoje?"

Mimi nilikuwa nimeambiwa na msichana, basi nikaichora kwa sauti. Ukitoka Khunyangu unafuata barabara ya kanisa, nyumba ya matofali, tangi la maji lililopakwa rangi ya buluu, na mzee mwenyewe ni mwalimu mkuu aliyestaafu, anavaa kofia hata akiwa ndani, mguu mmoja unachechemea.

Mkono uliokuwa umeshika shati langu uliachia kama ulioshika sufuria ya moto.

"Simama."

"Mwalimu, hatujafika."

"Nimesema simama!"

Nikafunga breki. Akashuka kabla baiskeli haijatulia. Kwa mara ya kwanza nikageuza shingo, lakini uso wake sikuuona: alikuwa amejifunika leso kichwani mpaka machoni, amenipa mgongo. Aliweka nauli juu ya jiwe, hakunipa mkononi. Halafu akaacha barabara, akaingia majanini, akaenda zake kwa miguu, na soko bado liko mbali.

"Mwalimu! Nimekosea wapi? Mwalimu!"

Majani yakafunga nyuma yake.

Wiki nzima niliishi na swali hilo. Nilirudia maneno yangu yote nikitafuta kosa. Nilimwuliza yule boda boda mwenzangu niliyemkoga siku ile, kwa nini abiria anaweza kushuka katikati ya njia na kuingia majanini.

"Labda hukuoga, boss," akaniambia.

Siku ikafika. Tulienda watu watatu: mimi, baba mdogo wangu, ambaye ndiye alinilea baba alipokufa, na shangazi. Tangi la buluu nililiona kutoka mbali, nikiwa nasukuma baiskeli yangu kando yao. Mzee alitupokea na kofia yake. Hakuwa na kelele, na hilo lilizidi kunitisha. Alituonyesha viti, akakaa, akanitazama kama anayesahihisha.

Jiko lilikuwa nyumba ya peke yake nyuma, dirisha linatazamana na la sebule. Tulisikia vyombo, tukasikia wasichana wakicheka kwa chini. Halafu tukasikia sauti ya mama ikisema bila haraka, "Vikombe hivi vina masizi. Tena."

Naapa mgongo wangu ulijua kabla ya masikio. Pale kwenye kiti, mbele ya wazee, niliona leso, nikaona jiwe lenye nauli, nikaona majani yakifunga nyuma yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amefanya vile mama mkwe anavyofanya akikutana na mkwe. Na mimi Jumamosi zote zile nilikuwa nimembeba, mkono wake kiunoni mwangu, mchana, katikati ya Busia, watu wanaona.

"Young man," mzee akasema. "Stand up."

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nilitambulisha baba mdogo, nikamtambulisha shangazi, nikasema each person here has come in peace, na kila neno lilikaa mahali pake, lakini sikulifurahia hata moja. Nilikuwa kama mtu anayepiga pasi nguo nzuri na nyumba inaungua.

Mzee aliweka kofia yake sawa. Kisha akaongea Kiswahili, ili watu wangu wasikie.

"Nimeambiwa uliacha darasa la tano. Kizungu chako kimenyooka, tena hukutumia maneno makubwa. Mtu asiyesoma hupenda maneno makubwa. Kuna mtu amekukazania. Nani alikufundisha?"

Kule jikoni vyombo vilinyamaza.

Nikidanganya, uongo wa siku ya posa huzaa watoto. Nikisema kweli, nasema mbele ya mwenye mji kwamba mke wake alikaa kwenye keria yangu akinishika.  Nikamwomba ruhusa nitoke kidogo na watu wangu. Wageni wa posa wanaruhusiwa kwenda kando kushauriana, na mzee akainamisha kofia.

Tulisimama nyuma ya ghala. Nikawaambia yote. Shangazi alishika mdomo. Baba mdogo alinishika bega.

"Alikugusa?"

"Alishika shati, baba."

"Na ndani ya shati kulikuwa na nani?"

Nikashika shati langu pale pale aliposhika.

"Mimi nilikuambia utafute kazi ya kubeba magunia," akasema. "Gunia halina mtoto wa kuoa."  Akageukia ukuta. "Tuondoke. Tuchukue njia ya nyuma twende."

"Tukitoroka ndiyo tumekiri ubaya," shangazi akasema. "Hii si ya wanaume. Ngojeni." Akakaza leso kiunoni, akaenda jikoni.

Sijui alikaa kiasi gani. Nilihesabu mahindi kwenye nyufa za ghala, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Niliwaza msichana yuko ndani ya jiko hilo hilo, anasikia, na ninajua nikimpoteza leo sitampoteza kwa sababu ya ujinga wangu, nitampoteza kwa sababu ya kutaka kusoma. Hilo liliniuma zaidi.

Shangazi akarudi uso umekunjwa.

"Anasema hivi. Hakujua, na siku aliyojua alishuka. Hakubebwa na mkwe, alibebwa na boda boda. Lakini mzee wake hajamwambia. Alingoja aone kama utakuja, na ukija, kama utasema. Anataka neno hilo litoke kinywani mwako. Yeye hawezi kumsemea mkwe."

"Na msichana?"

"Amekaa chini karibu na moto. "

Tukarudi ndani. Nilisimama, na Kizungu chote kilikuwa kimenitoka, nikasema kwa Kiswahili changu cha mpakani. Nilisema habari ya steji, ya Jumamosi, ya kutogeuza shingo na kutouliza mtu anatoka wapi. Nilisema alishuka na kuingia majanini. Mzee alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara, na bila kofia alionekana mtu mwingine, mzee zaidi, na mwenye kuumizwa.

"Umembeba mke wangu."

"Nilibeba abiria, mzee."

"Alikushika?"

"Palipo na mashimo."

Akainuka akichechemea, akaenda jikoni mwenyewe. Tulisikia sauti mbili za chini, yake na ya mama, kwa Kimarachi, haraka haraka, sikushika maneno. Baba mdogo alikuwa amefumba macho kama yuko kanisani. Kikombe cha chai kilicholetwa mbele yangu kabla ya haya yote kilikuwa kimepoa, na sikuthubutu kukigusa.

Mzee akarudi, hakukaa.

"Hapa hakuna mtu ataonja kitu cha boma hii," akasema. "Mwiko umeguswa, hata kama ni kwa kutojua. Anatakiwa kondoo wa kuuosha. Leo, kabla jua halijaingia nyuma ya kanisa. Kondoo asipofika, maneno yetu yamekufa, na kila mtu arudi kwao kwa amani."

Nilichukua baiskeli. Sijawahi kukanyaga vile, hata siku nilizofukuzwa na askari. Soko la Khunyangu lilikuwa linaisha, wenye mbuzi wanafungua kamba kurudi nyumbani. Nilikuwa nauliza kondoo huku sijasimama vizuri. Mbuzi walikuwepo, kuku walikuwepo. "Kondoo ameenda asubuhi," waliniambia, "kondoo hapa ni wa kuagizwa." Nikaanza kusema maombi niliyoyasahau tangu utoto. Mwishoni kabisa, karibu na choo cha soko, palikuwa na bibi mmoja na kondoo jike mchafu, mguu mmoja una kidonda kilichopona.

"Huyu mbaya, kijana," bibi akasema mwenyewe. "Unataka wa nini?"

"Wa mama mkwe."

Akatazama jasho langu, akaniwekea kamba mkononi kabla hatujapatana bei.

Nilimfunga kwenye keria, juu ya kile kitambaa chekundu cha matamvua. Alilia njia nzima. Mara mbili nilianguka, mara zote nikaanguka mimi chini yeye juu. Jua lilikuwa limeshagusa paa la kanisa nilipoingia bomani, goti linatoka damu.

Mlango wa jiko ulifungwa kwa ndani nilipotokea, kama inavyotakiwa. Wazee walikuwa wamesimama uani. Hakuna aliyenisogelea. Nilifungua kamba, nikabaki nimeshika kondoo katikati ya ua, na sikujua nimpe nani, maana kumpa mtu asiye sahihi lingekuwa kosa lingine.

Mzee akaita jina la binti yake. Akatoka, macho mekundu ya moshi au ya kulia, sikujua.

"Mtu huyu unamjua?" mzee akamwuliza, kama binti anavyoulizwa siku ya posa kama anakubali.

 Alinitazama goti, akatazama kondoo. Akatembea mpaka nilipo, akashika kamba juu ya mkono wangu, na mimi kwa woga nikawa bado nimeikaza.

"Achilia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimeshika."